Namna ya Kumpima Mtafsiri wa Kiingereza Kalemie

Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, inaandika kwa Kifaransa ofisini na kuzungumza Kiswahili sokoni. Kiingereza kinaingia pamoja na mizigo ya Mpulungu, Zambia, na kwa ripoti za mashirika ya misaada. Anayetafuta mtafsiri wa lugha hiyo kwa kawaida humpima kwa kasi ya ulimi na wingi wa maneno. Vipimo hivyo vinadanganya. Ufundi hujulikana pale maneno mawili yanapokaribiana: mtafsiri bora anaweza kusema ni jambo gani litabadilika kwa watu husika, neno moja likikaa mahali pa lingine.

Anza kumjaribu kwa "steal" na "rob". Yote mawili ni wizi, na Kifaransa huyabeba kwa kitenzi kimoja, "voler", kinachompokea mwenye mali kama kinavyoipokea mali yenyewe. Kiingereza hakifanyi hivyo: "steal" hutaja kilichochukuliwa, "rob" hutaja aliyeporwa au mahali palipoporwa. Ukisema "they stole the boat", boti haipo tena. Ukisema "they robbed the boat", boti bado iko ziwani, shehena ndiyo imekwenda. Fundi atakuonyesha kwamba Kiswahili nacho kina tofauti hiyo: kumwiba mtoto ni kumchukua mwenyewe, kumwibia ni kuchukua kitu chake. Kisha mpe "refuse" na "deny". Mshukiwa aliyekataa kujibu na aliyekana kosa hawasimami sawa mbele ya hakimu. Tena "deny" hubeba pia kunyima, kwa hiyo mfungwa aliyekuwa "denied water" hakukana maji, alinyimwa. Asiyeona tofauti hiyo atamgeuza mwenye kudhulumiwa kuwa mkaidi.

Jozi nzito kuliko zote katika jimbo la Tanganyika ni "refugee" na "displaced person", maana katika mazungumzo wote wawili huitwa wakimbizi. Aliyevuka ziwa kwa kuhofia kuteswa, akafika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, anatazamwa kwa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Aliyekimbia kijiji chake akajenga kibanda pembeni ya Kalemie bado yuko chini ya dola yake mwenyewe, na Umoja wa Afrika ulimwekea mkataba wake Kampala mwaka 2009. Neno likikosewa, haja yake hupelekwa kwenye mlango usio wake.

Wapo watakaosema kwamba muktadha hutosha kufafanua. Sokoni hutosha, kwa sababu wasemaji wako pamoja na wanaweza kuulizana. Ushahidi ulioandikwa husomwa mbali, na mtu ambaye hakuwapo, naye hana lingine la kushika ila neno lililo mbele yake. Wengine watasema Waingereza wenyewe huchanganya "disinterested" na "uninterested". Ni kweli, lakini mwamuzi asiye na maslahi katika kesi na mwamuzi asiyejali kesi hawawi mtu mmoja kwa sababu ya mchanganyo huo. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kuchambua kila jozi ni kupoteza muda. Hapo wapingaji wana haki, na hapo ndipo kuna kipimo cha mwisho. "Begin" na "start" mara nyingi hubadilishana bila hasara. "Flammable" na "inflammable" kwenye pipa la mafuta hutoa onyo lilelile, kwamba yanawaka. Mtafsiri anayebuni tofauti isiyokuwapo ni dhaifu sawa na asiyeiona iliyopo.

Basi unapomchagua, mpe jozi tatu ndani ya sentensi, si maneno peke yake. Tafsiri yake mpe mtu wa pili airudishe kwenye Kiingereza, kisha ulinganishe nani ametenda, nani ametendewa, na nini kimebaki. Mtafsiri akisimama kwanza kukuuliza mambo hayo kabla ya kuandika, mlipe vizuri: ameshaonyesha kwamba anatafsiri tukio, na maneno anayachagua kwa ajili yake.