Nyumba ya Wanyama wa Utafiti Hupimwa Konani

Nimesikia karibuni nyumba mpya ya wanyama wa utafiti, iliyojengwa katika nyanda hizi za kati, ikimiminiwa sifa na watu wenye elimu na vyeo, ambao walistaajabia vigae vinavyometa, vioo vipana na rangi ya kuta, wala hapana hata mmoja wao aliyeinama kutazama sakafu inapokutana na ukuta. Na kwa kuwa aibu yote ya jengo lile iko hapo, nimeona si haki kunyamaza.

Mambo mengine sitayakawilia. Njia safi na njia chafu zisikutane. Karantini iwe na mlango wake. Mlango wa chumba usipungue upana wa sentimita 107, nao ufungukie ndani. Hewa ibadilishwe mara 10 hadi 15 kwa saa. Dirisha katika chumba cha panya ni kosa. Vigae sakafuni ni kosa kubwa zaidi, maana kila kiungo cha kigae ni ufa unaongoja wakati wake.

Na mtu wa Mvumi, huku Dodoma, hana haja ya kufundishwa khofu ya ufa. Katika tembe za Wagogo papasi hukaa ndani ya nyufa za ukuta na vumbi la sakafu, hutoka usiku akanyonya damu ya aliyelala, akarudi mafichoni kabla hakujapambazuka, naye aweza kukaa miaka bila ya kula. Mwaka 1905, mwaka ule ule Wajerumani walipoanzisha maabara ya mifugo Mpwapwa, Robert Koch alibainisha katika koloni lao hili kwamba papasi jike hurithisha vimelea vya homa ya papasi hata mayai yake. Na Joseph Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo hiyo huko Kongo, aliuawa nayo mwaka huo huo. Basi mdudu wa namna hii akiingia maabara na gunia la maranda, akapata ufa mwembamba chini ya vizimba, panya ataugua homa asiyopewa na mtafiti, matokeo yatakuwa batili, na mnyama atakuwa ameteswa bure.

Nilimjua mzee mmoja, fundi wa Mvumi, aliyekuwa hamwagi sakafu ila jua likiisha kuinama, kwani upepo wa Dodoma hunyonya maji ya zege kabla halijashikana. Aliipandisha sakafu ukutani kiasi cha shubiri, kitu kimoja pasipo kiungo, kisha akaviringa kona kwa chupa ya soda iliyoloweshwa, akiivuta polepole huku amepiga magoti, na siku saba zilizofuata magunia mabichi hayakuondoka juu yake. Ustadi huo siku hizi ni adimu, na wanaouweza huitwa wachelewaji.

Ghashi nayo ina namna yake. Fundi mdanganyifu huacha sakafu ikauke, hubandika utepe wa chokaa na saruji konani, huupiga rangi nzito ya kung'aa, naye huhimiza jengo likabidhiwe masika, kabla kiangazi hakijautenga utepe ule na ukuta. Kwa hiyo mimi nikiona rangi ya kung'aa sakafuni hushuku kwanza, nami sijaona bado sababu ya kuacha.

Wewe utakayekabidhiwa jengo la namna hii, usipokee ufunguo masika. Ngoja Septemba, zima taa zote, laza tochi sakafuni ili mwanga utambae sambamba na ukuta, nawe uifuate kona yote kwa magoti ukiwa na wembe mkononi; na popote wembe utakapozama, mwambie mkandarasi avunje na kumwaga upya, wala usimkubalie kuziba.