Moshi wa Pikipiki Iliyolala: Namna ya Kuupima

Pikipiki iliyolala miaka ikawashwa, mara nyingi hufuka. Wengi hutazama rangi ya moshi na kutoa hukumu papo hapo. Fundi mzuri hutazama pia wakati: moshi umeanza lini, umedumu kiasi gani, na unazidi pikipiki ikifanya nini. Rangi peke yake imewafungulisha watu injini nyingi zilizokuwa nzima.

Bujumbura, somo hili lina wateja. Machi 2022 pikipiki zilipigwa marufuku katikati ya jiji, kisha uhaba wa petroli ukakaza, na nyingi zikalala. Ukizunguka eneo la viwanda kutafuta pikipiki kuukuu, utapewa Boxer au TVS iliyokuwa ya teksi, au Yamaha AG100 ya mradi uliokwisha. Zote hupimika kwa njia hii, ingawa AG100 ina sheria yake kwenye buluu.

Kabla ya kiki

Gusa silinda. Ikiwa ya moto, muuzaji amekutangulia kuiwasha. Rudi siku nyingine. Injini baridi haifichi kitu.

Mwaga petroli ya zamani. Toa plagi, tia kijiko cha oili safi kwenye silinda, sukuma kiki polepole mara kadhaa, kisha rudisha plagi. Kwa Boxer na TVS, chungulia oili ya injini: ikiwa imepita alama na inanuka petroli, koki ya tangi ilikuwa inavujisha. Usiwashe mpaka oili ibadilishwe, kwani iliyochanganyika na petroli hailindi beringi.

Mweupe

Washa, kisha shika karatasi nyeupe shibiri moja kutoka mdomo wa ekzosti. Matone yakikauka bila kuacha alama, ni maji tu. Karibu na ziwa unyevu hujikusanya ndani ya bomba, na injini ikipata moto moshi huo hukatika. Pikipiki hizi hupozwa kwa hewa, hazina maji ya kupoza injini. Anayekuambia kwamba maji hayo yamevuja kutoka kwenye injini hajui kazi.

Buluu

Hapa ndipo penye kazi. Karatasi itapata madoa ya mafuta yasiyokauka. Dakika za mwanzo usiyahesabu, kwa kuwa kile kijiko cha oili lazima kiungue. Subiri moshi upungue, kisha itoe pikipiki barabarani.

Barabara ya kupanda Bugarama ni kipimo kizuri kuliko gereji yoyote. Ikitoa buluu mfululizo inapovuta mlima, shuku ringi. Wakati wa kushuka, funga mkono wa mafuta uache injini ishike mwendo, kisha fungua ghafla. Wingu likitoka hapo na kupotea, shuku sili za valvu: mafuta yakifungwa, injini hufyonza kwa nguvu na oili hupita kwenye mpira uliokauka. Sili hizo hizo hufukiza asubuhi, injini inapoamka, kisha hutulia.

Usikimbilie kufungua. Ringi zilizoganda kwa utando wa kukaa zinaweza kuachia baada ya mwendo wa wastani na oili mpya. Zisipoachia, pima mgandamizo, tia kijiko cha oili kwenye silinda, upime tena. Mgandamizo ukipanda, ringi au silinda zimelika. Usipopanda, angalia valvu.

AG100 ihukumu kwa sheria yake. Ni injini ya mipigo miwili, inachoma oili kwa maumbile yake, na buluu kidogo ni afya. Ikikaa sana, oili huweza kupenya hadi kwenye kasha la kranki, ikafukiza vibaya siku ya kwanza, kisha ikasafika. Isiposafika, pima oili ya giaboksi. Ikiwa inapungua na hakuna tone nje, sili ya kranki upande wa klachi imekufa.

Mweusi

Masizi makavu kwenye karatasi na plagi nyeusi kavu humaanisha petroli nyingi, hewa kidogo. Angalia choki iliyokwama, filta iliyoziba, na floti ya kabureta iliyoshikwa na utando wa petroli ya zamani. Lakini kumbuka kwamba Bujumbura iko karibu mita 800 juu ya bahari na Bugarama imepita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo weusi kidogo unaoonekana mlimani tu si ubovu.

Bei

Mweupe unaokatika haupunguzi kitu. Mweusi ni kazi ya kusafisha kabureta. Buluu ya sili ni kufungua kichwa cha injini. Buluu ya ringi zisizoachia huenda ikataka kuchonga silinda na pistoni ya saizi kubwa, na gharama hiyo aibebe muuzaji. Kwa hiyo usikubali bei kwenye lango la ghala. Ipandishe mlima kwanza, uishushe, ndipo mzungumze.