Uso Usiosema: Ufundi wa Louis Malle katika Filamu ya Lacombe, Lucien

Mwenye kutunga hikaya ya khiyana huwa na mtego mmoja mbele yake, nao ni kumweleza msaliti. Kwani mara amwelezapo, kwa ufukara au kwa tamaa au kwa itikadi, mtazamaji hupata pa kusimama, akajiambia kwamba yeye si wa tabaka ile, akatoka ukumbini na dhamiri yake imetulia. Louis Malle, alipoitoa filamu yake ya Lacombe, Lucien mwezi wa Januari 1974, alikusudia kumnyima mtazamaji utulivu huo, na jinsi alivyomnyima ndiyo kadhia ya makala haya.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Ni Juni 1944, kusini-magharibi ya Ufaransa, majeshi ya Muungano yamekwisha kushuka Normandy na Mjerumani anaelekea kushindwa. Lucien, kijana wa shamba, husafisha sakafu katika hospitali ya wazee. Baba yake ni mfungwa wa vita Ujerumani, na mama yake anakaa kinyumba na tajiri wa shamba. Anamwendea mwalimu wake wa zamani, ambaye ni mtu wa wapiganaji wa siri wanaompinga Mjerumani, akiomba kujiunga nao, anaambiwa kuwa umri wake haujatosha. Akirudi mjini baiskeli yake inapata pancha, usiku unamkuta njiani, na mwanga wa hoteli unamvuta mpaka kwa Wafaransa wanaowatumikia polisi wa Kijerumani. Wanamkirimu kwa kinywaji, ulimi unalegea, mwalimu anatajwa. Baada ya hapo yeye ni mwenzao. (Serikali ya Kifaransa ya Vichy, iliyoridhia kushirikiana na Mjerumani, si ngeni kabisa kwetu Afrika Mashariki: askari wa King's African Rifles walipopelekwa Madagascar mwaka 1942 walikwenda kupigana na majeshi yake.)

Tazama jinsi pancha ile ilivyowekwa. Malle na mwandishi mwenziwe, Patrick Modiano, wangeweza kutunga mandhari ambamo Lucien, aliyekataliwa na mwalimu, anakaa peke yake akatafakari kisasi; hawakufanya hivyo. Kati ya kukataliwa na kusaliti hamna saa ya kuamua, wala neno la chuki, bali barabara, giza, mlango na bilauri. Na jina la mwalimu linamtoka mdomoni kwa sauti ile ile ya kijana anayejisifu mbele ya wakubwa. Hata jina la filamu, ukoo ukitangulia na mkato ukafuata, limeandikwa kama liandikwavyo katika daftari la shule au jalada la polisi, ambapo mtu hutiwa orodhani pasi na kuelezwa.

Walakini yote hayo yangekuwa bilashi lau Malle angemchagua mwigizaji mzoefu. Alimchukua Pierre Blaise, mkata miti wa upande wa Moissac, kijana ambaye hakuwa ameigiza kamwe, mwenye lafudhi ya huko na mwili uliozoea kazi. Akiwa Lucien anawinda sungura na kumwua kuku kwa mikono mitupu, na mikono hiyo haiigizi. Mapema tu katika filamu anaacha kupiga deki, anasimama dirishani, anamlenga ndege kwa manati, naye ndege anaanguka. Ilhali redioni Philippe Henriot, msemaji mkuu wa propaganda ya Vichy, anahutubu. Kijana haisikilizi hotuba. Mkabala na uso huo usiosema, Malle aliwaweka mabingwa: Holger Löwenadler wa Uswidi, aliye Albert Horn, fundi cherehani Myahudi aliyekimbia kutoka Paris, na Therese Giehse, aliye nyanya wa nyumba ile, mwigizaji ambaye yeye mwenyewe aliihama Ujerumani mwaka 1933 kwa sababu ya Wanazi. Horn anapompima Lucien suti, kila kipimo chake ni adabu ya mtu anayemdharau mteja wake na kumwogopa papo hapo, na kijana anasimama tu akipokea. Tofauti ya namna mbili za kuigiza inafanya kazi ambayo maneno mengi yasingeiweza.

Mandhari niionayo kuwa kiini cha ufundi wote ni ile ya mfungwa. Mtu wa wapiganaji wa siri amekamatwa, amefungwa, naye akiwa amebaki na Lucien anajaribu kumwokoa, na kujiokoa, kwa nasaha. Ila anamsemesha kwa Kifaransa cha kumwambia mtoto au mdogo wako. Lucien anamwambia kwamba hapendi kusemeshwa hivyo, anamziba mdomo kwa plasta, kisha anachukua rangi ya midomo na kuchora juu ya plasta ile mdomo mwingine. Ghadhabu haionekani usoni mwake, na hakuna apigwaye. Kilichomuudhi si siasa, ni kudunishwa, na papo hapo mtazamaji anakumbuka mwalimu aliyemwona mdogo. Hapa ndipo Malle alipoikaribia sababu kuliko mahali pengine pote, akaiacha ipite bila ya kuitaja.

Muziki nao umechaguliwa kwa ukatili mzuri. Lucien anapoteremka barabarani na baiskeli yake, tunasikia gitaa la Django Reinhardt, la furaha tupu, muziki uliokuwa ukisikika Ufaransa kwa hakika katika miaka ile. Na aliyeupiga alikuwa wa kabila la Wasinti, waliosakwa na Wanazi kama walivyosakwa Mayahudi.

Mambo mawili siyasifu. Binti wa Horn, ambaye Lucien anampenda, kuitwa France ni ishara iliyo wazi mno kwa mtunzi aliyejizuia kwingineko. Na sehemu ya mwisho, ambapo Lucien amemwua askari wa Kijerumani aliyemnyang'anya saa ya dhahabu, akawatorosha binti na nyanya yake mpaka nyumba iliyoachwa mashambani, inachukua uzuri wa nyasi na maji kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Hata hivyo uzuri ule una kazi: juu yake, kijana akiwa amelala majanini, yanatokea maandishi kwamba Lucien Lacombe alikamatwa tarehe 12 Oktoba 1944, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi ya wapiganaji wa siri, akauawa. Hatuonyeshwi mahakama. Kama alimwua Mjerumani kwa mapenzi au kwa saa, hakimu hakusema, na Malle hakusema.

Wapo waliokasirika, na wana hoja. Mwaka huo huo wa 1974 mwanafalsafa Michel Foucault, akihojiwa na jarida la Cahiers du cinéma, alilalamika kwamba filamu za namna hii zinafuta kumbukumbu ya mapambano ya watu wa kawaida. Naikubali hofu hiyo kwa mtu atakayeitazama filamu hii peke yake, akadhani kwamba Ufaransa nzima ilikuwa pancha na bilauri. Lakini kosa hilo halimo katika utunzi, kwa maana mwalimu yumo, mfungwa yumo, na ujasiri wao hautiliwi shaka hata mara moja. Malle aliirudia khiyana mwaka 1987 katika Au revoir les enfants, ambamo Joseph, mtumishi wa jikoni aliyefukuzwa shuleni, anachongea. Humo tunamjua Joseph na tunaijua sababu yake. Filamu hiyo ilituzwa Simba wa Dhahabu huko Venice, nayo inapendwa zaidi. Kwa ufundi, mimi naitanguliza ya mwaka 1974.