Treni ya bongo, kutu kama ya kweli

Wandugu, John Allen wa Monterey, California, alijenga nyumbani kwake reli ndogo ya kubuni, Gorre & Daphetid, kwa kipimo cha 1 kwa 87. Miye nasifu kitu kimoja: vichwa vyake vya treni viko na uzee. Hakuviacha ving'ae kama vya dukani. Alivipaka masizi na kutu, ukaamini vimetumika miaka mingi.

Lakini namba 13 ni Emma, dinosaria anayesukuma mabehewa! Anaharibu historia? Nakataa. Njo yeye anakumbusha kwamba uzee wote ule ni rangi tu.

Allen alifariki Januari 1973. Siku chache baadaye moto uliteketeza karibu yote. Picha zake zimebaki. Tazameni kutu kwanza, halafu Emma.