Pembe ya Ukindu

Saa mbili asubuhi mtaa wa Ng'ambo, Tabora, bibi mmoja ameshatandika jamvi lake uani, upande ambao jua halifiki mpaka mchana. Kabla ya kusuka, anapanga. Kushoto, tita la miyaa myeupe. Kulia, miyaa ya zambarau na ya kijani iliyochemshwa kwenye rangi juma lililopita na kuanikwa kivulini. Sasa imeviringishwa ndani ya kanga kuukuu yenye unyevu. Mbele ya goti, bakuli la maji ya kunyunyizia. Kisu cha kuchania kiko chini ya paja, mjukuu asikifikie. Shazia imechomekwa kwenye ufa wa ukuta, na ufa huo ni wake. Hakuna anayethubutu kuuziba.

Kanga ile ndiyo roho ya pembe yote. Ukindu mkavu hukatika ukikunjwa. Uliolowa chepechepe husukika vizuri, lakini ukili ukikauka husinyaa na kuacha mianya, na mkeka hulegea hata kabla haujakaliwa. Unaotakiwa ni unyevu wa kati, ule ambao kitambaa kilichokamuliwa huutunza kwa saa kadhaa. Basi bibi husuka macho yakiwa kwenye ukili, na mkono wa kulia unajiendea wenyewe kwenye kanga, unachomoa mwaa wa kijani, unarudi. Haupapasi. Nakshi mpya huzaliwa hivyo: siku moja mkono unachomoa zambarau mahali palipozoeleka kijani, na jicho linaridhika. Msukaji anayeinuka kila mara kutafuta kisu hakutani na bahati hiyo.

Kupanga vitu kwa namna hii si jambo geni Tabora. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Novemba 1857, mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha njia ya Bagamoyo na Ujiji, na misafara ilikaa hapa kwa majuma ikifungua mitumba na kuifunga upya. Merikani iliwekwa kwake, kaniki kwake, ushanga wa samesame mbali na ushanga mweupe, kila aina kwa khete zake, maana rangi iliyopokewa kwa furaha nchi moja ilikataliwa katika nchi iliyofuata. Aliyechanganya ushanga wake ghalani aliweza kulala njaa safarini.

Na nyumba zenyewe zilijengwa kwa kufikiria mikono. Tembe la Kwihara, kilometa chache kutoka mjini, lina kuta nene na vyumba vilivyozunguka ua. Humo Livingstone alibaki baada ya Stanley kuondoka Machi 1872, akingojea wapagazi kutoka pwani mpaka tarehe 25 Agosti. Wengi hukumbuka shajara zake. Wachache hukumbuka kwamba katika miezi hiyo alitengeneza pia jibini ya safari. Ua wa tembe ulikuwa wa kazi: kutwanga, kushona, kufunga mizigo, kusuka.

Ramani za nyumba zinazojengwa leo Tabora, na kwingineko nchini, zina mahali pa gari, mahali pa televisheni, mahali pa makochi ambayo wenye nyumba wenyewe huyakalia kwa nadra. Mahali pa kukaa chini na kazi hapamo. Binti anayetaka kusuka hukaa kwenye vigae vya korido, akipisha kila anayepita, kisha hukusanya ukindu wake haraka wageni wanapobisha hodi na kuusukumia uvunguni ndani ya kiroba. Akiurudia baada ya siku tatu, umeota ukungu au umekauka kama kuni. Watu husema vijana hawapendi kazi za mikono. Hawajaulizwa wazifanyie wapi. Dukani, mkeka wa plastiki unapatikana umeshakunjwa tayari.

Pembe ya bibi wa Ng'ambo nayo imeshapigwa kamba. Wanawe wanataka kujenga vyumba viwili vya kupangisha pale pale ukutani, na mtu hawezi kuwalaumu, kwa kuwa kodi ya chumba kimoja huingia kila mwezi na mkeka huchukua majuma. Matofali yameshashushwa. Bibi ameambiwa atahamia chini ya mwembe, upande wa pili wa ua. Ameshakwenda kupaangalia mara mbili. Huko jua linapenya kuanzia saa nne, na hakuna ukuta wa kuchomeka shazia.