BPC-157: panya alipona, na mtu je?

Wandugu, wanasema BPC-157 inaponyesha kano, misuli na vidonda vya tumbo. Ni peptidi ya asidi amino 15, inatengenezwa katika maabara. Toka miaka ya 1990, kikundi cha Predrag Sikiric kule Zagreb, Kroatia, kimeandika mengi juu yake. Ukisoma, mgonjwa ni panya karibu kila mara, na karibu kila mara anapona. Sasa majaribio makubwa juu ya watu iko wapi? Bado. Ni machache tu, ya watu wachache. Tena toka 2022 WADA inaikataza kwa wanamichezo. Kazi ya panya ina maana yake. Lakini mwenye kukuuzia sindano leo anakutumia kama panya, tena kwa feza yako. Tuulize kwanza: walipima nani?