Hawkins na wimbo alioukimbia

Kwa miaka mingi nimekuwa nikidai kwamba wimbo hudumu kwa sababu ya maneno yake. "Body and Soul", yaani mwili na roho, umenifanya nifute kauli.

Tuseme ukweli, maneno yake si makubwa. Mtu kaachwa, analia, anajitoa mzima mzima kwa asiyemtaka. Basi. Muziki ulitungwa na Johnny Green, na mwaka 1930 Libby Holman akauimba Broadway. Mwaka huohuo Louis Armstrong akaurekodi. Ungeweza kuishia hapo, kama nyimbo nyingi za majukwaani.

Kwanza uliokolewa na sehemu yake ya kati. Pale muziki unapanda nusu sauti ghafla, kisha unateremka na kurudi nyumbani kwa njia ya mkato. Mpigaji asiyeijua njia hupotea mbele za watu. Kwa wanajazz huo ni mtihani, na kila kizazi kinataka kuufanya.

Pili, Coleman Hawkins. Oktoba 1939, miezi michache tu tangu arudi Marekani baada ya kukaa Ulaya miaka mitano, aliingia studio New York na saksafoni yake. Anaugusa muziki wa Green pale mwanzoni, halafu huyo, anaondoka zake. Anazunguka wimbo mara mbili, dakika tatu hivi, na hakuna anayeimba hata neno moja. Na watu wakainunua santuri ile!

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Hapa nabishana nao kidogo. Hawkins aliacha sauti tunayoijua, lakini hakuacha mifupa: sikiliza piano chini yake, wimbo bado ni uleule. Alitoka nyumbani bila kubomoa nyumba.

Sasa, maneno hayana kazi kabisa? Hapo nasita. Machi 2011 Amy Winehouse aliuimba na Tony Bennett katika studio za Abbey Road, London. Julai akafariki, ana miaka 27. Ukisikiliza leo, maneno yaleyale niliyoyadharau yanachoma. Ila kinachochoma ni koo la yule binti, si karatasi ya mtunzi.

Kwa hiyo nasahihisha: wimbo hudumu ukimwachia mgeni nafasi ya kuingia. Anza na Hawkins, kisha Winehouse. Ukirudi kwa Hawkins, utaona hata yeye alikuwa anaimba.